Sentimita Themanini

Kekee imezama hadi kiunoni mwa ardhi,
imetoka na sauti ya busu lisilotakiwa.
Nimeulaza udongo katika nusu ya bomba la plastiki
juu ya nyasi za Friesland, Machi, manyunyu,
na Tjitske amesimama ndani ya buti za marehemu mumewe,
saizi mbili zaidi,
anatazama kama aliyeitwa kutambua maiti.

Juu, kahawia: hiyo anaijua,
ndiyo iliyopita kwa ng'ombe ikawa siagi.
Chini yake madoadoa ya rangi ya chungwa,
ngozi ya mtu aliyepona tetekuwanga.
Kisha, ghafla, kijivu.
Kijivu cha kukaribia buluu, cha tumbo la samaki,
kisicho na doa wala shaka,
kinanuka yai viza.

"Udongo wangu umekufa," asema.
Nasema hapana. Umezibwa pumzi tu.

Lakini nimweleze vipi mama huyu, aliyelipia pampu
miaka arobaini na mmoja,
kwamba humo chini wamo walaji wasiohesabika,
wadogo kuliko chembe ya unga,
na kila anayekula lazima apumulie kitu?
Maji yalipoziba vitundu
waliimaliza oksijeni kwa siku moja, pengine mbili.
Wakaigeukia naitreti, mbolea aliyoimwaga Douwe kwa imani.
Ikaisha.
Wakalamba manganizi, nyeusi, haba kama chumvi ya mkopo.
Ikaisha.
Ndipo wakakiendea chuma.

Chuma chekundu, mpaka rangi wa udongo huu,
kaidi, kilichogoma kuyeyuka karne kwa karne:
wakakibebesha mzigo wa elektroni zao
kikalainika, kikavua joho, kikashuka majini
bila rangi, bila kuaga.
Kijivu hiki, Tjitske, si rangi iliyokuja.
Ni udongo ulioachwa, rangi ikahama.

Haniamini. Pua yake ndiyo shahidi,
na la kuvunda halina ubani.
Basi tunakaa juu ya ndoo mbili tulizozipindua,
ananimiminia kahawa, tunasubiri.
Kazi yangu, kwa kweli, ni kusubiri.

Kikombe hakijapoa.
Pale kisu changu kilipopasua,
kandokando ya tundu la mzizi uliooza zamani,
umetokea uzi wa kutu, mwembamba,
halafu doa,
halafu doa jingine.
"Kinarudi," asema.
Simuulizi nini.

Kwenye mfereji ananionyesha utando juu ya maji,
unang'aa rangi zote za upinde wa mvua.
Mwaka mzima amemlaumu Rinse, kijana wa jirani,
kwamba trekta lake linavuja dizeli.
Hata salamu walikwisha kuachana.
Naokota kijiti, nauchoma utando.
Unavunjika vipande vyenye ncha, kama kigae,
vinaelea mbalimbali, havirudiani.
Mafuta yangejiunga tena, namwambia.
Hiki ni chuma kilichotoka gizani
kikakutana na upepo.

Ananyang'anya kijiti. Anavunja mwenyewe.
Anavunja tena, hatua kumi, ishirini,
mpaka mfereji wote ni vigae,
na midomo yake inahesabu kitu nisichokisikia.

Mwezi wa tano watapunguza pampu.
Maji yatapanda, nyasi zitakata tamaa, matete yatakuja,
nayo matete yana ujanja wao:
huvuta hewa kwa shina tupu, huishusha hadi mizizini,
na humo gizani kila mzizi huvaa soksi ya kutu.
Hilo nalo nilitaka kumwambia.

Naandika daftarini: *kijivu, kuanzia sentimita themanini.*
Ninapoinua kichwa yuko mbali,
anakata shamba kuelekea kwa kina Rinse,
buti zinamezwa na tope, zinatemwa, zinamezwa,
kijiti bado mkononi.